Salamu Ingoje, Mtoto Ananyonya

Asubuhi huku kijijini kwetu Mogitu ukungu unashuka mlimani polepole, kama mtu aliyetumwa akasahau ametumwa nini. Ukifika kwenye mahindi unakaa. Ukifika juu ya paa la jiko unakaa. Mimi niko mlangoni na kikombe changu cha chai, macho wazi, lakini ni kama naota. Kila nikiuona ukungu ule nasikia harufu ya maziwa. Si ya ng'ombe, ya mama. Ile harufu tamu kidogo, chachu kidogo, inayobaki kwenye kanga hata ukifua mara tatu.

Nimenyonyesha watoto saba mimi. Nimenyonyesha kwenye shamba la ngano nikiokota masuke nyuma ya mashine. Nimenyonyesha kanisani mchungaji akiwa juu kwenye mimbari anapiga kelele za dhambi. Nimenyonyesha kwenye foleni ya maji, ndoo mbele, mtoto kifuani, mdomo unagombana na aliyenipita zamu. Titi wakati ule lilikuwa kama kiwiko. Nani ageuke kuangalia kiwiko?

Shule sikwenda. Baba alisema ng'ombe hawawezi kujichunga wenyewe, na kweli hawawezi. Lakini sauti za watu zinaniingia na hazitoki. Nikimfanya mchungaji wa kanisani, nikiiga sauti yake, mbwa wake mwenyewe anageuza shingo. Mwenyekiti wa kijiji namfanya na kile kikohozi, daktari wa mifugo namfanya na zile pua. Nikifika kwenye mashine ya kusaga wanawake wananiwekea ndoo nikae. "Bibi, tufanyie fulani!" Nami nawafanyia. Wanacheka mpaka unga unamwagika. Hiyo ndiyo shule yangu, na ndiyo iliyokuja kunifelisha.

Kijana wangu wa mwisho alioa binti wa upande wa Singida. Binti mpole, fundi cherehani, vidole vyake vyembamba kama vya mtu anayesuka hewa. Kijana anaendesha lori, leo yuko huku kesho hayuko, kwa hiyo mke akaletwa kwangu. Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, hakijui hata neno, basi nyumbani tukawa tunaongea Kiswahili, mimi na hiki changu cha kuokota njiani, yeye na chake cha shule.

Wiki ile ya kwanza, shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu mume wangu, akapita kutusalimia. Huyu mzee anapenda salamu kama wengine wanavyopenda nyama. Anaingia, anasimama katikati ya uwanja, anakohoa, ehm, ehm, halafu anangoja. Binti wa watu alikuwa amekaa chini, sinia la maharage mapajani anachambua. Akainua uso, akasema vizuri tu, "Shikamoo baba." Hakusimama. Angesimamaje na sinia lile? Mzee akaitikia kwa pua, "Mmmarahaba," akaondoka.

Mimi nikalichukua lile jambo nikalipeleka kwenye mashine. Nikakaa kwenye ndoo yangu, nikalegeza shingo, nikavuta mdomo kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. "Shikamoooo baaaba." Nikachambua na maharage ya uongo. Wanawake wakalia kwa kucheka. "Tena, bibi, tena!" Nikarudia. Nilipogeuka kufuta machozi, nikamwona mkwe wangu amesimama mlangoni. Nilikuwa nimesahau gunia la kuwekea unga, naye amenifuata nalo, amelikunja vizuri, amelishika kwa mikono miwili.

Alinipa gunia, akasema, "Mama, umesahau," akarudi nyumbani.

Tangu siku ile, akipita mtu mzima hata kwa mbali kule barabarani, yeye anasimama. Anaacha anachofanya, anajifunika vizuri, anapiga goti kidogo, "Shikamoo." Watu wakawa wananisifu. "Bibi, mkwe wako ana adabu!" Nami navimba kama chura wa masika. Nasema, nimemlea.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mzito, analia kama mwenye deni na dunia. Mwezi wa kwanza tulikuwa ndani tu, moto, uji wa ulezi, samli, usingizi. Siku zile nazikumbuka kama kitu nilichokiona chini ya maji. Mama na mtoto wamelala ubavu kwa ubavu, mimi nachochea kuni, nje mvua inaongea na majani ya migomba, na hakuna anayekuja maana njia zote ni tope. Mtoto ananyonya mpaka anaacha mwenyewe, mdomo wazi, tone moja shavuni. Alinenepa mpaka mikono ikapata mikunjo.

Halafu mvua ikakata, njia zikakauka, tukatoka. Nyumba yetu iko kando ya njia kuu ya kwenda sokoni, kisimani, kanisani, kwenye mashine. Siku nzima ni watu. Na mtoto akaanza kupungua.

Sikuona kwanza. Nani anaona ukungu ukiondoka? Unageuka tu, haupo. Nesi wa kliniki ndiye aliyeona. Nesi ni msichana mdogo, anaongea haraka kama anakimbizwa. Akamning'iniza mtoto kwenye mizani, akaandika kwenye kadi, akakunja uso. "Bibi, ona huu mstari. Mwezi uliopita umepanda hivi. Sasa umeshuka. Ananyonya?"

"Ananyonya kila saa!" nikajibu mimi. "Kila saa yuko kifuani."

"Mama yake ajibu."

Mkwe akasema kwa sauti ndogo, "Ananyonya, nesi, ila hashibi. Analia tu. Na tumbo linajaa gesi."

Nesi akamweleza kwamba yale maziwa ya mwanzo ni mepesi, ya kukata kiu, na yale ya mwisho ndiyo mazito, ndiyo chakula chenyewe. Mtoto aachwe amalize titi moja mpaka aliachie mwenyewe. Asipewe maji, asipewe uji, asipewe ya ng'ombe, bado mdogo. "Mkija tena kama mstari bado unashuka, nitawaandikia mwende hospitali ya wilaya." Akaita, "Mwingine!"

Tulirudi nyumbani. Mtoto mgongoni mwa mama yake alikuwa mwepesi, hata kanga haikuvutika. Nilikuwa natembea nyuma yao naiangalia ile miguu midogo inavyoning'inia, mikunjo imeisha, nikaogopa. Watoto saba nimelea, wawili nimezika. Naijua miguu ikiwa vile.

Nikaanza dawa zangu za jikoni. Supu, ulezi, karanga, maziwa ya mgando kwa mama. Titi likajaa mpaka likauma, likawa gumu kama jiwe la kusagia, mkwe akapata homa. Maziwa yapo, mtoto hapati! Nikasema ni jicho. Mtu amemwangalia akinyonyesha njiani, akamfunga. Nikaanza kuhesabu majirani wenye macho mabaya, nikapata wengi.

Siku moja mkwe akaniambia huku analia, "Mama, nimpe tu ya ng'ombe. Mimi nimeshindwa."

Ninaye rafiki kijiji cha Gendabi, mwanamke wa Kibarbaig, mfugaji. Tumejuana tangu tukiwa na meno yote. Nikasema twende kwake, kama ni kupata maziwa safi basi tupate kwa mtu ninayemjua. Ya nesi nimeyasikia, lakini hofu haina masikio. Tukaondoka alfajiri kwa bodaboda, sisi wote, mtoto katikati kama barua.

Tulifika jua linaanza kutoka. Vumbi la zizi lilikuwa linaelea, rangi ya asali, ng'ombe wamesimama ndani yake kama wako kwenye ndoto ya mtu mwingine. Rafiki yangu alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe mwekundu, bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, kibuyu kwenye magoti. Nikaita, "Habari za asubuhi, dada!" Hakujibu. Aliendelea kukamua, anaimba puani, sauti moja tu, mmmm, mmmm, kama nyuki ndani ya mti. Ndama amefungwa karibu, mama yake anamlamba.

Nikamwambia mkwe tukae. Tukakaa kwenye gogo kando ya boma. Mtoto akaamka, mkwe akampa titi. Basi zaidi ya ule wimbo sauti zilikuwa mbili tu pale, zile za kukamua, shrr, shrr, ndani ya kibuyu, na za mtoto, glu, glu. Macho yangu yakawa mazito. Nilikuwa mahali kati ya kulala na kuamka, naona mama yangu, naona ng'ombe wa baba, naona mimi mwenyewe mdogo nimejificha kwenye sketi ya mtu.

Akaja mzee mmoja wa jirani, fimbo mabegani. Akasimama kwenye uzio, akatoa salamu. Rafiki yangu hakuitikia. Mmmm, mmmm. Mzee wala hakukasirika. Aliegemea fimbo yake, akaangalia mawingu, akangoja.

Lakini mkwe wangu! Alipomwona tu mzee, chomoa titi, funika, simama, goti, "Shikamoo baba." Mtoto mdomo wazi kama kifaranga, maziwa yanatiririka kwenye kanga, anapiga ukelele.

Rafiki yangu hakugeuza hata shingo. Kutoka chini ya ng'ombe akasema, "Wewe! Kaa!"

Mkwe akakaa kama ameangushwa.

"Rudisha mtoto."

Akarudisha. Mtoto kwanza akakataa, akakunja mgongo, akalia, halafu akashika. Rafiki yangu alimaliza ng'ombe wake taratibu, akafunika kibuyu, akasimama, akaenda kwenye uzio, na hapo sasa akamsalimia yule mzee salamu ndefu, ya ng'ombe, ya mbuzi, ya watoto, ya nyasi, ya mvua. Mzee akaitikia yote, akaenda zake ameridhika.

Halafu akaja kwetu. Akamwangalia mkwe wangu, akaongea Kiswahili chake kile cha kukatakata. "Mimi nashika ng'ombe, mimi hapana salimia. Ng'ombe nasikia. Ukiachia katikati, maziwa narudi juu. Leo hapati tena. Salamu haiozi. Salamu nangoja tu." Akagusa mguu mwembamba wa mtoto kwa kidole kimoja. "Nani alikufundisha kumnyang'anya mtoto titi kwa ajili ya salamu?"

Mkwe akainamisha uso. Hakunitaja. Alikuwa anafungua na kufunga kifundo cha kanga yake, anafungua, anafunga.

Niliona njia yetu yote ya pale nyumbani, watu wanapita tangu asubuhi, na kila akipita mtu, chomoa, funika, simama. Mtoto amepewa maziwa ya kukata kiu siku nzima, chakula chenyewe hajawahi kukifikia. Nami niko mlangoni na chai yangu nasifiwa.

"Ni mimi," nikasema.

Rafiki yangu akanigeukia. "Najua," akasema. "Wewe na mdomo wako." Akaenda kumfungulia ndama. Maziwa ya ng'ombe hakutupatia. Alisema mtoto ana mama.

Tulirudi kwa miguu kipande, kwenda kusubiri bodaboda barabarani. Nikamwambia mkwe, "Mwanangu, kuanzia leo ukiwa unanyonyesha, usisimame. Mimi nitasalimia kwa ajili yako."

"Watasema mkwe wako hana adabu, mama."

"Waseme kwangu."

Akatembea hatua kadhaa. "Lakini mama, wewe ndiye uliyesema kwanza."

Mkwe kuniambia vile, mimi mama wa mume wake, njiani, mchana kweupe! Nikasema, "Ndiyo. Nilisema. Na nilikosea." Kiswahili changu ni kidogo lakini maneno hayo nilikuwa nayo. Ni mazito kuliko debe la mahindi.

Basi tukaanza kujifunza kama watoto. Yeye fundi, akajishonea blauzi mbili, zinafunguka ubavuni chini ya pindo, huhitaji kupandisha nguo yote wala kubaki na tumbo kwenye baridi. Kanga anaifunga begani tu, inaanguka kama yenyewe inavyotaka, haimfuniki mtoto uso, maana mtoto naye anataka kuona anakula nini. Nikamfundisha kutafuta ukuta wa kuegemea, jiwe la kuweka mguu, kugeuzia upepo mgongo. Mtoto anasogezwa kwenye titi, titi halimfuati mtoto, usije ukazeeka na kibyongo kama changu. Akawa anakaa pale pale mlangoni, njia ikipita mbele yake. Watu wanasalimia, naitikia mimi kwa wote wawili. Wengine walinung'unika. Kwenye mashine nikasikia kuna mmoja ananifanya mimi, anafanya sauti yangu, "Msimsumbue, ananyonyesha!" na wanawake wanacheka. Nikaingia, wakanyamaza. Nikamwambia yule mmoja, "Endelea, ila shingo yangu iko hivi, si hivyo."

Kliniki iliyofuata nesi aliweka nukta yake kwenye kadi, ikakaa juu kidogo ya ile ya mwisho. Hospitali ya wilaya hatukwenda. Lakini kabla ya nukta ile kulikuwa na siku ya mnada, na mimi kila nikiikumbuka kadi ile naikumbuka siku ile.

Mnada wetu ni mara moja kwa mwezi. Ng'ombe, mbuzi, mitumba, moshi wa nyama, vumbi, spika zinagombana. Tulikuwa tumeenda kutafuta vitambaa. Mtoto akaanza kutafutatafuta na mdomo. Mkwe akaangalia kulia, kushoto, nikaona anatafuta pa kujificha, nyuma ya turubai la mtu, huko wanakokojoa wachunga ng'ombe. Nikamshika mkono. "Hapa," nikasema. Kulikuwa na gunia la vitunguu la mama mmoja, mama yule akasogea, akapiga gunia kofi, "Kaa, mwanangu, kaa." Akakaa. Akamweka mtoto.

Mwanzo alikuwa amekaza mabega. Mtoto naye anavuta anaacha, anavuta anaacha. Mimi nikakaa upande wa jua, kivuli changu kikamwangukia. Nikaanza ile ya puani, mmmm, mmmm.

"Mama, unaniimbia kama ng'ombe?"

"Ng'ombe wananishukuru."

Akacheka, na alipocheka mabega yakashuka, na mabega yaliposhuka maziwa yakaja. Nilijua kwa sauti. Glu, glu, glu, polepole, kwa kina. Kelele za mnada zikaenda mbali, kama ziko ng'ambo ya bonde. Vumbi likawa linaelea rangi ya asali.

Kutoka ndani ya vumbi hilo, ehm, ehm. Shemeji yangu mkubwa. Koti lake, kofia yake, fimbo yake. Akasimama mbele yetu. Akangoja.

Nikamwona mkwe anashika pindo la blauzi. Mguu wake ukasogea kutafuta ardhi. Nikaweka mkono begani kwake. Sikubonyeza, niliuweka tu.

"Shikamoo shemeji," nikasema mimi.

"Marahaba. Na huyu?" Akanyoosha kidevu. "Siku hizi hatusalimiwi?"

Ulimi wangu ulitaka kumfanya. Nilikuwa nayo tayari kooni, ile ehm ehm yake, watu wangecheka mpaka mjini Katesh. Nikaimeza.

"Atakusalimia, shemeji. Mtoto akishiba. Huyu mtoto ni mjukuu wa marehemu mdogo wako, alikuwa anapungua, na aliyempunguza ni mimi. Naomba ungoje."

Mzee akaniangalia. Miaka yote hii sijawahi kumwomba kitu bila kumtania. Akaangalia mguu wa mtoto uliotoka kwenye kanga. Halafu akaiweka fimbo mbele yake, akaegemea mikono miwili, akangoja.

Wakaja wazee wenzake wawili. "Mbona umesimama?" "Nangoja salamu." "Ya nani?" Akaonyesha kwa kidevu. Nao wakasimama. Akaja mama mmoja wa kanisani, na yeye akasimama. Wakaanza kuongea mambo ya nyasi, mambo ya mvua, kwa sauti ya chini, bila haraka. Mkwe wangu yuko katikati yao juu ya gunia la vitunguu, kifua chake kimekaa kama kiwiko, hakuna anayekiangalia, jua linasogea.

Mtoto alimaliza upande mmoja, akahamishwa, akamaliza wa pili. Mwishowe akaachia mwenyewe. Mdomo ukabaki wazi, tone likashuka shavuni, macho yakageuka ndani kwa usingizi.

Mkwe akashusha pindo la blauzi yake taratibu. Alikuwa bado amekaa. Akainua uso akawaangalia wote.

"Shikamooni," akasema.

Shemeji yangu akakunja shingo kumtazama mtoto. Kikohozi kilimjia, nikakiona kinakuja, akakizuia kwa kiganja.

"Marahaba," wakaitikia wote, kwa kunong'ona.